Jirani aliyekusimamia wakati wa mlipuko wa ugonjwa: tupeane uzoefu

Stoo_Kubwa
Wakuu habari za wakati huu. Leo napanga stoo nikakutana na ndoo ya koki, ya bluu, pembeni imeandikwa kwa maka "YA KUNAWA TU USINYWE". Nikakaa chini kabisa. Hiyo ndoo sio yangu, ni ya baba mmoja nyumba ya tatu kutoka kwetu, aliileta getini kipindi cha korona, 2020, na kabla ya hapo salamu yetu ilikuwa kupungiana mkono tu. Tukaugua nyumba nzima, tukajifungia siku 14, huyu baba kila asubuhi anapiga simu "jirani, leo nani kakohoa usiku?" halafu anaacha mahitaji mlangoni anarudi nyuma hatua kadhaa ndo anaita. Nimeishi naye miaka mitano zaidi sijawahi kumrudishia ndoo yake.
Haya na nyie, iwe korona, kipindupindu, surua, chochote. Nani alikusimamia, au wewe ulimsimamia nani?

binti_sauda
Umenikumbusha mbali sana. Sisi vijana tuligawana wazee wanaoishi peke yao, kila mtu wazee watatu, unapiga simu asubuhi na jioni, asipopokea mara mbili unaenda kugonga dirisha ukiwa na barakoa yako. Wangu mmoja nikaja kugundua alikuwa hapokei makusudi ili niende apige stori.

Kigoda
Hahaha bibi alikuwa anaijua ratiba yako kuliko wewe.

Mama_Wawili
Mimi yangu sio korona ni kipindupindu, na sijawahi kuiandika popote, nimeona hiyo ndoo ya koki nikasema leo niseme.
Mume alikuwa safarini. Ilianza saa nane usiku nikadhani ni tumbo la kawaida, kufika saa kumi nimeenda chooni sijui mara ngapi na kinachotoka sio choo tena ni maji meupe kama yaliyooshewa mchele, halafu miguu ikaanza kukaza misuli, sauti ikakauka, namwita mtoto mkubwa hanisikii na yuko hapo hapo mlangoni. Ana miaka tisa. Akaenda kugonga nyumba iliyo karibu, na nyumba iliyo karibu ni ya mama ambaye mimi na yeye hatuongei mwaka wa pili sababu ya ukuta.
Kumbe yule mama alikuwa kwenye kundi la kujitolea, walifundishwa siku mbili tu, ndani kwake ana pakiti za ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kukoroga kwenye maji kwa mtu anayeharisha. Hakuniuliza kitu. Akakoroga pakiti moja kwenye lita moja ya maji yaliyochemshwa akaanza kuninywesha kijiko kwa kijiko, nikitapika anasubiri kama dakika kumi anaanza upya taratibu zaidi, huku anamtuma mwanae akatafute usafiri. Hakuna dereva aliyekubali, wakisikia kuhara na kutapika wanakata simu. Ukaletwa mkokoteni, nikalazwa juu ya nailoni, vijana wanne wanasukuma, yeye anatembea pembeni na jagi lake. Kila tukifika penye taa ananifinya ngozi ya mkono. Mimi nawaza huyu hata nikiwa nakufa ananifinya kwa ajili ya ukuta! Baadaye ndo nikaambiwa alikuwa anaangalia ngozi inarudi haraka au inabaki imesimama, maana ikibaki hivyo maji mwilini yamekwisha.
Kituoni mshipa ulitafutwa mpaka nesi akatoka jasho. Dripu ya pili ndo nikaanza kuona watu vizuri.
Lakini wakuu, kilichoniuma ni kurudi. Watoto wangu hawaitwi kucheza, mtu akiniona anavuka barabara. Yule mama akavaa glovu akamwagia klorini choo changu na sakafu, akaloweka mashuka yangu, alipomaliza akachukua kiti akakaa mlangoni kwangu mchana kutwa, siku tatu, hafanyi chochote, anasalimia tu wanaopita. Siku ya nne watoto wakaanza kuja.
Ukuta bado upo pale pale na bado nasema umeingia kwangu.

binti_sauda
Dada umeniliza halafu umenichekesha hapo hapo.

Kigoda
Kukaa na kiti mlangoni... huyo mama alikuwa anatibu mtaa sasa.

Fundi_Kimya
Hapo kwenye kijiko kwa kijiko naunga mkono. Na mkikosa pakiti mnatengeneza wenyewe nyumbani, maji lita 1, chumvi vijiko 6, sukari nusu kijiko. Rahisi tu.

Nesi_Mstaafu
WEWE FUNDI umegeuza! Sukari ndo vijiko 6 vya chai, chumvi NUSU kijiko cha chai, maji safi lita 1, vijiko vya kusawazisha sio vya kurundika. Hiyo yako mtoto akinywa chumvi inamuua kabla ya kipindupindu. Futa hiyo kitu.

Fundi_Kimya
Vidole tu mama yangu vimeteleza, mbona unanichapa mbele za watu.

Nesi_Mstaafu
Nitakuchapa tena. Nimeona mtoto aliyepewa hiyo ya kwako. Futa.

Fundi_Kimya
Haifutiki nimejaribu. Wakuu msome ya nesi, yangu muiruke.

Mkaa_Kimya_Pia
Mimi niliambiwa anayetapika asipewe maji kabisa tumbo lipumzike kwanza.

Nesi_Mstaafu
Na wewe umeambiwa na nani? Kipindupindu kikiwa kikali kinamaliza mtu kwa masaa machache, unapumzisha tumbo mpaka saa ngapi. Anakunywa, akitapika anasubiri kidogo anakunywa tena, mtoto anayenyonya aendelee kunyonya, na safari ya kituoni haisubiri kunyweshwa kuishe. Wengi wanapona kwa ORS peke yake, ila huwezi kujua nani atahitaji dripu.

Chaki
Kwa faida ya wengi niongeze historia kidogo. 1854 kipindupindu kiliua watu zaidi ya 500 mtaa mmoja wa London unaitwa Soho. Sifa zote kapewa daktari John Snow aliyesema tatizo ni maji ya pampu ya Broad Street, mpini wa pampu ukang'olewa tarehe 8 Septemba. Ila wasichosema watu ni kwamba kulikuwa na mchungaji kijana wa pale pale mtaani, Henry Whitehead, yeye alikuwa hamwamini Snow kabisa, akapita nyumba kwa nyumba ili amuumbue. Kwa kuwa anawajua watu kwa majina wakamfungukia, na yeye ndo akagundua kichanga kilichougua mwanzo, maji yaliyofuliwa nepi zake yalimwagwa kwenye shimo la maji machafu karibu na ile pampu. Alienda kumbishia mwenzake akarudi na ushahidi wa kumtetea.

Kigoda
Mwalimu umeanza. Mtihani lini?

Chaki
Wewe ulifeli tayari.

Ubao_Mweupe
Mnasifia kujitolea kujitolea, semeni na ukweli, wengine walikuwa wanakula posho. Kwetu aliyekuwa anagawa vidonge vya maji alimaliza mlipuko na simu mpya.

binti_sauda
Posho gani? Mimi nilimaliza vocha zangu na viatu vyangu. Huyo wa simu ni wa kwenu.

Ubao_Mweupe
Sijasema wewe. Ila mtu akizunguka jua lote wiki sita bila hata nauli ni unyonyaji, tusiite upendo.

Nesi_Mstaafu
Hapo nakubaliana na Ubao. Wa kwangu walianza 20, wiki ya tano wamebaki saba, na hao saba wana njaa.

Pikipiki_Mbili
Nimesoma zote, haya na mimi. Tulikuwa watano, kazi yetu kisimani kuanzia alfajiri, kila anayechota tunamwekea klorini kwenye ndoo tunamwambia subiri nusu saa ndo unywe. Siku ya nne nyumba moja wakafa wawili. Jioni maneno yakaanza, kwamba kabla ya hawa na dawa yao watu walikuwa hawafi. Asubuhi tunafika kisimani tunakuta watu kama hamsini, hakuna mwenye ndoo. Kimya. Wengine wana fimbo. Mmoja wetu akakimbia, na hilo ndo kosa, ukikimbia umeshakiri. Tukasukumwa kwenye kibanda cha pampu, kufuli likapigwa kwa nje, nasikia sauti inauliza mafuta ya taa yako wapi... ngojeni bosi ananiita nitarudi

Kigoda
WEWEEE

Mama_Wawili
Mtu unaachaje watu hapo jamani.

Mkaa_Kimya_Pia
Mafuta ya taa halafu "bosi ananiita". Hii stori ina chumvi ya Fundi, vijiko sita.

Fundi_Kimya
Mimi nimefanya nini tena?

Chaki
Usimbishie, haya mambo yapo. Kaskazini mwa Msumbiji waliojitolea wameshashambuliwa zaidi ya mara moja, kwa Kireno klorini ni cloro na kipindupindu ni cólera, mtu anasikia wamekuja kumwaga cloro kisimani anaelewa wamekuja kumwaga ugonjwa.

Kigoda
Pikipiki rudi. Lisaa la pili hili.

Pikipiki_Mbili
Nimerudi, kulikuwa na mzigo wa kushusha. Msitegemee sinema. Aliyetutoa ni yule yule mama aliyefiwa, mume na shemeji yake. Alikuja na khanga ya msiba akapita katikati ya watu akasema, "Hawa watoto walikuja kwangu mara tatu nikawafukuza, nikasema ndoo yangu haiwekwi dawa. Kama ni kuchoma mtu nichomeni mimi." Alisema hivyo tu. Watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja, wenye fimbo wanajifanya wanatembelea. Tatizo mwenye ufunguo naye alishaondoka, tukakaa mle ndani masaa mawili mengine anatafutwa.
Kesho yake tulirudi wanne. Ndoo ya kwanza kwenye foleni ilikuwa ya yule mama. Sikuweza kumwangalia usoni, nikaweka dawa nikamwambia subiri nusu saa, kama wengine.

binti_sauda
Mungu wangu.

Mkaa_Kimya_Pia
Nafuta kauli ya chumvi.

Nesi_Mstaafu
Ndo maana nasema kabla ya tone la kwanza kisimani kaeni na wenye sauti mtaani, viongozi wa dini, wakunga, bibi ambaye kila mtu anamuogopa. Na mwonekane, vaeni fulana za kufanana.

Pikipiki_Mbili
Fulana ndo zilituponza mama. Bila fulana mimi ni mtoto wa fulani, na fulana nikawa "wale watu".

Ubao_Mweupe
Vaeni fulana, msivae fulana. Mimi nashauri mjue kukimbia wote kwa pamoja.

Mama_Wawili
Aliyekimbia mlimfanyaje?

Pikipiki_Mbili
Hatukumfanya kitu. Tulimpa kazi ya kujaza daftari nyumbani.

Kigoda
Mwenye uzi, ndoo ya watu umerudisha?

Stoo_Kubwa
Nimetoka huko sasa hivi. Kaiangalia kaniambia sio yake, yake ilikuwa ya kijani. Sasa sijui nimekaa na ndoo ya nani miaka yote hii.