Shirika letu limebanwa kila upande: msaada wa dharura tunauomba wapi?

Katibu_Moro: Wakuu, naombeni mwongozo. Sisi ni wasaidizi wa kisheria Morogoro, shirika dogo tu, tunashughulika na migogoro ya ardhi ya wakulima na wafugaji. Mwenyekiti wetu yuko nje kwa dhamana ya polisi, anaripoti kituoni kila Jumatatu. Akaunti imezuiwa. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita au tutoke, na faili za wanakijiji zimo humo humo. Nasikia kuna mifuko ya kusaidia watetezi wa haki za binadamu. Itatusikiliza sisi wa kijijini? Na hela itapitia wapi?

Shangazi_Ubungo: Pole sana mdogo wangu. Faili zitoeni leo, mengine yatafuata.

Anzeni na THRDC, mtandao wa watetezi hapa kwetu. Wanayajua haya: Agosti 2020 nao walizuiliwa akaunti wakasimamisha shughuli. Kisha DefendDefenders, shirika la kuwalinda watetezi wa Afrika Mashariki, lipo Kampala. Front Line Defenders wa Dublin wana ruzuku ya ulinzi, na simu yao ya dharura inapokelewa saa 24.

Udogo wenu si kikwazo. Wanachotafuta ni mtu wanayemwamini atakayesema "hawa nawajua", kwa hiyo kabla ya fomu mpateni wakili au shirika jirani la kuwathibitisha. Elezeni kwa tarehe: alikamatwa lini, namba ya RB (ile ya taarifa iliyoandikishwa polisi), benki iliwaambia nini. Msiandike "tunaomba msaada". Andikeni kodi kiasi hiki, wakili kiasi hiki. Suala la akaunti lisemeni mapema, waulizeni kama wanaweza kumlipa wakili na mwenye nyumba moja kwa moja. Na msitumie simu iliyowahi kushikwa na polisi.

Mdau_Kigamboni: Naongezea: tangu Marekani ikate misaada ya nje 2025, foleni ni ndefu. Gongeni pia ProtectDefenders.eu, inayofadhiliwa na Umoja wa Ulaya, ila kila mmoja mwambieni mmeomba na kwingine.

Katibu_Moro: Asanteni mno. Wakili amekubali kututhibitisha. Ila wenzangu wanataka mwenyekiti ahamishwe wiki hii, mwenyewe hataki, anasema kijiji kitamwona kakimbia.

Shangazi_Ubungo: Msimlazimishe! Akikosa kuripoti Jumatatu, dhamana inaweza kufutwa na wadhamini wake ndio watakaotafutwa. Wakili aombe ruhusa kwanza. Wakati huo ombeni hela ya mlango imara na taa za nje nyumbani kwake, ruzuku hizo zinagharamia hata hayo. Mkewe naye aulizwe anataka nini.