Mwanafunzi wangu kaitwa apige pale ninapopiga mimi, kwa hela ndogo. Nimwendeleze au nimwache?

PumziNdefu

Wakuu habari za kufunga mwaka, wakubwa shikamoo. Mi napuliza saksi hapa Dar, alto zaidi, na tenor, ile kubwa ya sauti nzito, mara moja moja. Ijumaa na Jumamosi nipo mgahawa mmoja huku Masaki tunapiga jazz kwa watu wanaokula, zile standadi, nyimbo za jazz ambazo kila mpigaji anazijua, halafu tunachomekea zilipendwa za kwetu na hapo ndo unaona watu wanaweka uma chini. Disemba kama hii ni maharusi tu, naingiza bibi harusi ukumbini, MC anapiga kelele juu ya solo yako, unachukua bahasha unaondoka. Siyo kazi ya kujisifia sana ila ada za watoto zimelipwa na hiyo hiyo saksi kwa hiyo silalamiki.

Sasa mwisho wa mwaka huwa nakaa napiga hesabu zangu, siyo za hela peke yake, na mwaka huu kinachonizunguka kichwani ni dogo mmoja. Alikuwa anapuliza kanisani, kajifunzia YouTube, vidole vinakimbia balaa, ila mpiga gita akisema wimbo tunapiga kwenye ufunguo wa A yeye anapotea, maana alto na gita haziiti noti jina moja, A ya gita kwenye alto ni F sharpu, na hivi vitabu vya kujifunzia vinaanza na skeli nyepesi nyepesi ambazo wapiga gita wetu wala hawana mpango nazo, wao ni A, E, D basi. Nikamwambia solo weka pembeni kwanza, kila asubuhi noti moja ishikilie mpaka pumzi ikate, halafu F sharpu panda shuka mpaka vidole vikubali vyenyewe. Alikuja na ridi, kile kijiti chembamba cha kwenye mdomo wa saksi, imemeguka ncha, anailazimisha hivyo hivyo, inapiga miluzi tu, nikampa zangu. Sikumtoza hata mia. Mzee aliyenifundisha mimi hakunitoza, nilikuwa nambebea boksi la saksi toka kituoni mpaka ukumbini, nakaa nyuma yake, akichoka ananisogeza mbele namalizia.

Basi nikaanza kwenda naye kwenye shoo. Mwanzo anasimama pembeni anasikiliza, baadaye tukawa tunapiga zile rifu, vipande vifupi vya kurudiarudia, wawili, namkatia kidogo kwenye fungu langu. Kawa mzuri kwa kweli, sisemi kwa kinyongo. Wiki iliyopita meneja wa pale kamvuta pembeni kamwambia Januari aje yeye. Mi nalipwa 150,000 kwa usiku, yeye kaambiwa 80,000. Dogo kaja kuniambia mwenyewe, hajakubali wala hajakataa, ananisikilizia mimi.

Nimwambie nini? Na nyie mnaofundisha vijana, mnafanyaje ili ufundishe na jiko lako liendelee kuwaka?

Mkwanja_Kwanza

Mkuu huyo kashakubali, hiyo ya kuja kukuambia ni heshima tu ya kukuaga. Tangu lini fundi akamfundisha kijana bure, akampa na vifaa, akampeleka mpaka kwa mteja wake? Kwenye kazi zangu dogo anajua kazi, namba ya simu ya mteja haijui. Mtoze, na usiende naye Masaki tena. Mengine ni siasa.

Zilipendwa_Moro

Mdogo wangu marahaba. Mi siyo mwanamuziki, ni shabiki wa dansi tangu niko kijana hapa Morogoro, ila kuna kitu naona mnakipita.

Huyo mzee wako hakukutoza, sawa, lakini jiulize yeye alikuwa analipwa na nani. Zamani bendi nyingi zilikuwa za mashirika. NUTA Jazz ilianza 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ndo ikaja kuwa Juwata, Ottu, na leo Msondo. Mlimani Park ilikuwa ya DDC, shirika la maendeleo la Dar, Polisi walikuwa na yao, jeshi lina zake. Mwanamuziki ana mshahara mwisho wa mwezi, ala ni za shirika, mazoezi ni saa za kazi. Kijana akija kukaa nyuma ya mpuliza tarumbeta hamli mtu kitu, mwalimu kashalipwa, na kijana akiiva anaongezwa kwenye safu siyo anamtoa mtu. Wewe unafundisha kwa pumzi yako, kwa ridi zako, na fungu lako unalikata. Utaratibu wa mzee umeurithi ila mshahara wake hukuurithi. Kwa hiyo kutoza siyo roho mbaya, usijihukumu kabisa kwa hilo.

Ila la kunyang'anyana watu lisikushtue. 1978 Mlimani Park inaanzishwa, mwimbaji Gurumo alitoka Juwata akaenda huko, na mashabiki tulinuniana vibaya sana mitaani. Mbaraka Mwinshehe naye 1973 aliiacha Morogoro Jazz iliyomtoa akaunda Super Volcano. Tofauti yake ni kwamba wale walifuata maslahi yanayopanda. Huyu wako anaitwa ashuke. Elfu 80 leo, mwakani anatafutwa wa elfu 50, na huyo wa elfu 50 naye kuna mtu anamfundisha sasa hivi tunavyoongea.

Kinanda254

Salamu kutoka Nairobi. Mimi ni mtu wa piano, gigi za hoteli nazijua, na huku hiyo hadithi yako iko kila kona, hasa hii time watu wanaogopa Njaanuari wanachukua chochote.

Watu wakiongea mambo ya kulea vijana kwa jazz lazima wataje Art Blakey, na sawa, jamaa aliongoza Jazz Messengers kutoka miaka ya 50 mpaka akakufa 1990, na hapo wamepitia Lee Morgan, Wayne Shorter, Freddie Hubbard, na Wynton Marsalis akitoka 1982 Terence Blanchard akaingia kwa nafasi ile ile ya trampeti. Yaani ilikuwa shule. Lakini angalia vizuri, Blakey alikuwa mtu wa drams. Alikuwa analea watu wa trampeti na saksi na piano, hakuna hata mmoja angekaa kwa kiti yake. Na bendi ilikuwa na jina lake, mwenye klabu akitaka muziki anampigia yeye simu. Wewe mzee unalea mtu wa alto kwa gigi ya alto, na huyo meneja hajawahi kununua bendi yako, amenunua mtu wa saksi. Mtu wa saksi anabadilishwa kama balbu.

Kwa hivyo mimi ningefanya hivi. Mtoi apewe tenor, wewe ubaki na alto, tafuta besi na drams, pelekea huyo meneja bei ya bendi, kwa karatasi, na tarehe na masaa na nani analipa kama mvua imenyesha watu hawajakuja. Akikataa peleka kwingine. Na muongee na wapulizaji wengine wa hapo Dar, hamko wengi, mkubaliane chini ya kiasi fulani hakuna mtu anatoka nyumbani. Sisi tulijaribu hiyo, wengine walituruka, lakini hata hivyo ilisaidia, meneja akipigia watu watatu na wote wanataja bei moja anaanza kufikiria.

Alafu usimfukuze. Clark Terry alikuwa mtu wa trampeti kwa bendi ya Count Basie wakipita Seattle, Quincy Jones bado ni mtoto wa shule, na alikuwa anamgongea mlango asubuhi kabla aende darasani afundishwe trampeti, na Clark amelala saa ngapi sijui maana usiku alikuwa kazini. 1959 Quincy anaunda bendi kubwa ya kwenda Ulaya, Clark akaacha kazi kwa Duke Ellington, Duke Ellington mwenyewe, akaenda kupiga kwa bendi ya yule mtoto. Huwezi jua nani atakulipa ukiwa na miaka 60.

BintiMasasi

Kaka pole na hongera, maana dogo aliyekuja kukuambia siyo dogo mbaya.

Kwetu Masasi wazee wanamkumbuka Askofu Trevor Huddleston, alikuwa askofu wetu 1960 mpaka 1968. Kabla ya kuja huku alikuwa Johannesburg na ndiye aliyempatia Hugh Masekela trampeti ya kwanza, Masekela akiwa mwanafunzi mtukutu tu pale St Peter's. Ila Huddleston hakuwa mpuliza trampeti, akamtafutia mwalimu, mzee mmoja wanamwita Uncle Sauda, wa brass bendi ya manispaa. Halafu 1956 Louis Armstrong akawatumia vijana wale trampeti toka Marekani. Watu watatu hao, mmoja katoa chombo, mmoja kafundisha, mmoja kafungua njia. Wewe kwa huyo dogo umekuwa wote watatu na bado unapiga shoo mbili kwa wiki, lazima uchoke.

Samahani lakini nikuulize jambo ambalo hawa kaka zangu hawajakuuliza. Umesema hesabu za mwaka. Cha kwako kiko wapi? Miaka yote hiyo standadi za Wamarekani na zilipendwa za marehemu. Meneja anakubadilisha kirahisi kwa sababu mnachopiga wewe na dogo ni kile kile, tena kwa mpangilio uliomfundisha wewe. Ungekuwa na nyimbo zako hata tano asingeweza kumwita mtu mwingine azipige kwa elfu 80.

PumziNdefu

Nimesoma wote asanteni. Mzee wa Moro hiyo ya mshahara sikuwahi kuiwaza kabisa, mzee wangu kweli alikuwa bendi ya shirika na saksi yenyewe haikuwa yake. BintiMasasi umenichoma lakini nimekubali, zipo tatu nilizoandika, ziko kwenye simu tu kwa sauti ya mluzi, sijawahi kuzipeleka mazoezini.

Nimeongea na dogo leo. Nimemwambia siwezi kumkataza kula, ila akienda kwa 80,000 asitegemee nimtafutie kazi nyingine, na akikataa nafanya naye kazi kama mshirika siyo kama mbeba boksi. Kasema atamwambia meneja bei ni ile ile ya kwangu. Tutaona, meneja hajajibu mpaka sasa. Mkesha wa mwaka mpya tuna ukumbi mwingine huku Mbezi, tunapiga wawili, hela nusu kwa nusu, na kuanzia Januari masomo analipia, kidogo, ridi ajinunulie.

Kinanda254 hiyo ya tenor naitaka, shida tenor yenyewe inavujisha hewa kwenye pedi za chini, vile vifuniko vya matundu, noti za chini hazitoki mpaka ubane kwa nguvu. Kama kuna mtu anamjua fundi wa kubadilisha pedi hapa Dar anayeaminika naomba anicheki PM, niliyemzoea kahamia Arusha.