Naomba ushauri: makopo ya kuongeza nguvu kwenye zamu ya usiku

Habari zenu ndugu zangu. Nina miaka 34, mzima wa afya, nalinda ghala usiku hapa Tanga. Ikifika saa tisa, upepo wa bahari ukianza kupuliza, usingizi unanikaba hasa. Nilianza na kopo moja la kinywaji cha kuongeza nguvu. Sasa ni matatu.

Juzi nililimulika kopo kwa tochi ya simu nikasoma: mililita 250, kafeini miligramu 80, sukari gramu 27, taurini, vitamini za kundi B. Ninavyoelewa, kinachomkesha mtu hasa ni kafeini. Inaizuia adenosini, ile kemikali inayouambia ubongo kwamba umechoka. Yaani uchovu upo palepale, hausikiki tu. Wataalamu wa usalama wa chakula wa Ulaya walisema mwaka 2015 kwamba mtu mzima mwenye afya anaweza kutumia hadi miligramu 400 kwa siku, kwa hiyo sijavuka. Lakini nikirudi Makorora asubuhi nagaagaa kitandani mpaka saa tano, moyo unadunda, na saa kumi na mbili jioni natakiwa kazini tena. Na hiyo sukari, zaidi ya gramu 80 kila usiku, inanitia hofu.

Mke wangu ananisihi nirudie kahawa chungu ya birika.

Mnaokesha kazini, kopo la mwisho mnakunywa saa ngapi ili asubuhi mlale? Na mliosomea afya, taurini inasaidia chochote kukaa macho, au nabaki na kahawa tu?