Mdogo wangu kaanzishiwa amitriptilini, naogopa

Dada wa Mafinga
Kamweneni ndugu zangu. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 22. Tangu mwezi wa pili hali chakula vizuri, halali usingizi, hata mpira kaacha kwenda kuangalia. Hospitali wakasema ni sonona. Tumerudi na bahasha imeandikwa kwa kalamu: amitriptilini mg 25, 1x1 usiku. Nimehesabu vidonge, viko 30.

Leo siku ya tano. Asubuhi anaamka mzito kama aliyekesha kilabuni, ulimi umekauka hadi maneno yanamgandia mdomoni. Jana kainuka kitandani, kayumba, kadaka fremu ya mlango. Na kazi yake ni kulisha magogo kwenye msumeno! Huzuni nayo iko palepale. Mama anataka aache, anasema atakuwa teja. Rafiki zake wanamwita kwenye ulanzi, pombe ya mianzi, apunguze mawazo. Nishike lipi? Sitaki kumpoteza.

Mtoa dawa, Iringa mjini
Kamwene dada. Hiyo ni ya kundi la zamani la dawa za sonona, ipo tangu miaka ya 1960. Maudhi hutangulia, nafuu hufuata. Mdomo kukauka, usingizi, choo kigumu, kizunguzungu akisimama, hivyo huja siku za mwanzo na vingi hupungua. Huzuni huanza kulegea baada ya wiki mbili hadi nne, wengine hata sita. Wengi huacha katikati hapo, na inaniuma kila nikiona.

Ameze saa mbili usiku badala ya saa tano. Akiamka akae kwanza ukingoni mwa kitanda. Kwenye msumeno asiende kabisa mpaka uzito uishe, mwombeeni kazi ya kupanga mbao. Mkojo ukigoma, moyo ukienda mbio au akianza kuchanganyikiwa, hospitali siku hiyohiyo. Ulanzi hapana, hata ule mtamu uliogemwa asubuhi.

Mwambie mama dawa hii haimfanyi mtu teja. Ila mwili huizoea, kwa hiyo haikatwi ghafla, daktari huipunguza kidogo kidogo.

Sasa hili nakuomba ulifanye leo: hiyo bahasha ikae kwako. Amitriptilini ikimezwa nyingi kwa mpigo huvuruga mapigo ya moyo na inaua. Mpe kimoja kila usiku, ukimwona anameza. Halafu kwa umri wake, dawa za sonona zinaweza kuamsha mawazo ya kujiua mwanzoni au dozi inapobadilishwa. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliweka onyo hilo mwaka 2004 kwa watoto na vijana wadogo, na mwaka 2007 ikalisogeza hadi miaka 24. Muulize wazi kama anafikiria kufa. Kumuuliza hakumtii wazo. Akikubali, asiachwe peke yake na mrudi hospitali.

Mama Tukuyu
Pole sana mwanangu. Mimi nilikuwa naimeza hiyohiyo. Mwezi wa tatu wa dawa nikajiona nimepona, nikaiacha ghafla. Siku ya pili kichefuchefu, kichwa, usingizi ukakata, mwili hautulii. Nikajua ni malaria. Nikaenda duka la dawa kununua mseto bila kupima. Bahati yangu muuzaji aliniuliza ninatumia dawa gani nyingine, maana hizo mbili zote zinagusa mapigo ya moyo. Alinirudisha kwa daktari, malaria haikuwepo. Basi kokote mtakakokwenda, mbebe ile bahasha muionyeshe. Na akiumia kazini asipewe tramadoli, ile dawa ya maumivu, kabla hawajajua anachomeza.

Dada wa Mafinga
Asanteni. Nimemuuliza tukiwa jikoni, anaota moto. Alinyamaza hadi chai ikapoa, akasema, "Dada, mara mbili." Bahasha ipo kwenye sanduku langu, ufunguo nimeuvaa shingoni. Usiku huu analala chumba kimoja na kaka yetu, alfajiri tunarudi kwa daktari. Mama amesema anakuja nasi.