Naombeni ushauri: niongeze fedha kwenye programu ya kuuza spea mtandaoni, au niishie hapa?

Kijana wa Tabata (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Naombeni ushauri, hasa kwa wale waliowahi kufanya biashara ya mtandaoni, kwa sababu suala hili limeninyima usingizi.

Tangu mwaka jana nimekuwa nikijenga programu ya simu inayowaunganisha wenye magari na mafundi wa mikoani na maduka ya spea ya Kariakoo na Ilala. Leo hii fundi wa Songea au Sumbawanga akihitaji spea, inambidi ampigie mtu anayemfahamu Dar es Salaam, amtumie picha, akubali bei atakayotajiwa, kisha atume fedha kwa simu na kumwomba Mungu mzigo upakiwe kwenye basi. Programu yangu inamwonyesha mnunuzi bei za maduka mbalimbali kwa pamoja, anachagua anayoitaka, na mzigo unapelekwa stendi ya Magufuli kule Mbezi.

Hadi sasa nimetumia shilingi milioni 9 za akiba yangu. Programu inafanya kazi, maduka kadhaa yameingiza bidhaa, na mafundi wengi wamejiandikisha. Sasa mtengenezaji anataka milioni 6 kwa ajili ya awamu ya pili, yaani toleo la iPhone pamoja na malipo ya ndani ya programu, ambapo fedha ya mnunuzi itakaa kwetu mpaka athibitishe kwamba amepokea mzigo. Naamini hicho ndicho kikwazo kilichobaki. Niongeze au nisimame?

Dagaa wa Kirumba

Pole sana mkuu. Mimi niliuza dagaa wa Mwanza mtandaoni, nikiwafunga kwenye pakiti nzuri zenye nembo, na nikalipia matangazo kila wiki. Kila tangazo lilileta maswali mengi ya "bei gani?" na "mko wapi?", nami nilikuwa nikijibu mpaka usiku wa manane, lakini ukitaja bei mtu ananyamaza. Walionunua kweli walikuwa akina mama watatu wenye maduka Dodoma, ambao hawakuwahi kuliona tangazo lolote, bali waliambiana wao kwa wao. Ushauri wangu ni kwamba usikate tamaa, ila punguza matangazo.

Mhasibu wa Zamani

Mleta uzi hakuuliza kuhusu matangazo. Ndugu, "mafundi wengi wamejiandikisha" si taarifa ya biashara, kwa kuwa kujiandikisha ni bure. Naomba utuambie ni oda ngapi zimelipwa na mzigo ukamfikia mtu usiyemfahamu. La pili, hizo milioni 6 zinatoka wapi, ikiwa akiba yako ilikuwa milioni 9 na imekwisha?

Kijana wa Tabata

Ahsante mkuu. Kuhusu mauzo, ni suala la muda tu. Watu wetu wanahitaji kuzoea, na hata malipo kwa simu mwanzoni watu waliyaogopa. Awamu ya pili ikikamilika imani itajengeka, kwa sababu mnunuzi atajua kwamba fedha yake haipotei.

Mhasibu wa Zamani

Umeeleza mengi, lakini maswali yangu mawili bado hayajajibiwa.

Mama Mwenye Nyumba

Mwanangu, na mimi nasubiri jibu la swali la pili. Mtu anayekwepa kusema fedha imetoka wapi, mara nyingi fedha hiyo si yake.

Kijana wa Tabata

Sawa, nitaeleza, ila naomba msinihukumu kabla ya kunisikiliza.

Oda zilizolipwa ni za jamaa zangu, pamoja na moja ya mtu wa Iringa aliyeagiza shokapu za nyuma za Toyota IST. Duka lilimpelekea za NCP60 wakati gari lake ni NCP65, ile inayovuta magurudumu yote manne, kwa hiyo zilirudi na nikamrejeshea fedha yake.

Milioni 6 ni sehemu ya kiinua mgongo cha mama yangu, mwalimu mstaafu aliyeko Morogoro. Alinikabidhi niisimamie kwa ajili ya kuezeka nyumba yake. Milioni 2 nimeshamlipa mtengenezaji kama kianzio, kwa sababu alisema vijana wake wangepewa kazi nyingine. Mama mwenyewe husema siku zote kwamba fedha ikilala haizai, na nyumba haiwezi kuezekwa kabla kuta hazijamalizika. Nina hesabu kwamba itakuwa imerudi kabla ya masika.

Mama Mwenye Nyumba

Umeomba usihukumiwe, nami sikuhukumu, ila ukweli nitakuambia. Mwalimu amesimama ubaoni miaka yote hiyo, na kiinua mgongo hakitolewi mara ya pili. Kusema kwamba fedha ikilala haizai hakumaanishi "ichukue ukaijaribie jambo lako". Kama unaona angekubali, mwulize. Kama unaogopa kumwuliza, basi jibu lake unalijua tayari.

Mpekuzi

Wakuu, tusiharakishe kutoa machozi, maana mimi naona hadithi inabadilika kadiri tunavyosogea. Kwanza ilikuwa akiba, sasa ni kiinua mgongo cha mama. Kwanza mafundi walikuwa wengi, sasa mteja ni mmoja wa Iringa. Nyuzi za namba hii tumeziona: mtu analeta wazo na huzuni kidogo, watu wanajaa, kisha linatajwa jina la programu tuipakue, au anatafutwa "mwekezaji" wa faraghani. Mleta uzi, wewe ni huyo mtengenezaji mwenyewe?

Dagaa wa Kirumba

Na mimi nimeanza kujiuliza. Mtu mwenye milioni 9 za akiba anakosaje mtu wa karibu wa kumshauri?

Kijana wa Tabata

Sijataja jina la programu na sitalitaja. Someni tena nilichoandika: milioni 9 zilikuwa zangu na zimekwisha, na hizi 6 ndizo za mama. Sihitaji mwekezaji. Kama nilitaka kutunga, ningetunga hadithi yenye wateja.

Duka la Spea Gerezani

Naomba niingilie, kwa sababu huenda kijana huyu namfahamu. Kuna kijana alipita kwetu mtaa wa Gerezani akiomba tuweke bidhaa kwenye programu. Alikuwa akipiga picha kila spea juu ya boksi jeupe na kuandika bei. Mleta uzi, kama ni wewe, taja sababu uliyopewa ya bidhaa kutohuishwa baada ya wiki ya kwanza.

Kijana wa Tabata

Niliambiwa kwamba spea zilizotumika kutoka Japani huja moja moja, ikiuzwa imekwisha, na muuzaji akiwa na wateja mbele yake hana muda wa kuiondoa kwenye simu. Tena vitu vingine havikuwa vya duka lile, vilikuwa vya jirani.

Duka la Spea Gerezani

Ni yeye. Ndugu Mpekuzi, huyu hajatunga.

Sasa mwanangu nikueleze jambo ambalo siku ile sikukueleza, kwa sababu duka lilijaa watu na wewe ulikuwa umeshika simu. Wewe umewaandikisha mafundi ukidhani wao ndio watakaofurahia bei kuwekwa wazi. Lakini fundi huishi kwa cha juu. Mimi nikimuuzia boljointi kwa 35,000, mwenye gari ataambiwa 50,000, na hiyo tofauti ndiyo inayomlipa fundi, kwa kuwa akitaja ufundi wake wenyewe kuwa 15,000 mteja atalalamika. Winga wa Kariakoo, yaani dalali, naye ana chake kabla mzigo haujatoka mtaani. Programu yako inawaonyesha wenye magari bei ya dukani, na unamtaka fundi awe wa kwanza kuitumia. Alijiandikisha kwa heshima, au ili ajue bei za washindani wangu, kisha akaendelea kunipigia mimi.

Kwa hiyo hofu ya fedha kupotea si kikwazo kikubwa kama unavyodhani. Fundi wa Sumbawanga ananitumia fedha kwa sababu tumefahamiana kwa miaka, na nikimkosea nitampoteza yeye pamoja na mafundi wote wa gereji yake. Uaminifu huo tayari upo, na huwezi kuununua kwa milioni 6.

Mhasibu wa Zamani

Maelezo haya yamefafanua yale niliyokuwa nikiyatafuta kwenye hesabu. Tuchukue mfano wa shokapu za shilingi 90,000. Tuseme kamisheni ni asilimia 8, yaani 7,200. Bodaboda wa kutoka Kariakoo hadi Mbezi peke yake anaweza kuimaliza yote. Mzigo ukirudi mara moja kwa kuwa namba ya chesesi, ile inayotambulisha gari, haikuulizwa, faida ya oda kadhaa imekwenda. Awamu ya pili haibadilishi hata tarakimu moja hapo.

Tena kushikilia fedha za wanunuzi si suala la kuongeza kitufe. Malipo ya aina hiyo husimamiwa na Benki Kuu chini ya Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015, na mtengenezaji aliyekuuzia wazo hilo bila kukutajia leseni hakukutendea haki. Kumbuka pia kwamba Jumia, pamoja na mtaji wake wote, ilisitisha shughuli zake Tanzania Novemba 2019.

Kijana wa Tabata

Jumia ilikuwa inauza kila kitu. Mimi nina kitu kimoja tu, na tatizo la spea mikoani ni la kweli. Nikisimama sasa, milioni 9 zimepotea bure.

Msomaji wa Usiku

Milioni 9 zimeshatoka, na hazirudi kwa kuwa umeongeza 6. Amua kana kwamba leo ndiyo siku ya kwanza. Ungekuwa na programu hii bure mkononi, ungechukua fedha ya paa la mama ukaiweka humo?

Mwaka 1999 kule Marekani, Nick Swinmurn alitaka kujua kama watu wangenunua viatu mtandaoni bila kuvijaribu. Hakuanza kwa kujaza ghala. Alikwenda kwenye maduka, akapiga picha za viatu, akaziweka mtandaoni, na mtu alipoagiza alirudi dukani, akavinunua kwa bei ileile na kuvituma. Kila oda ilimtia hasara, lakini alipata jibu. Kampuni hiyo ni Zappos, ambayo Amazon iliinunua mwaka 2009. Wewe una simu, lipa namba na duka la Gerezani, kwa hiyo jibu lako linaweza kupatikana bila kumlipa mtengenezaji.

Tafuta mnunuzi anayeumizwa na cha juu. Huyo si fundi, bali ni mwenye magari mengi: shule yenye mabasi, tajiri wa daladala, kampuni ya kukodisha magari.

Kijana wa Tabata

Hilo sikuwa nimelifikiria. Kuna shule moja Morogoro yenye mabasi kadhaa, na msimamizi wa usafiri wao ni mtu ninayefahamiana naye. Nitamwandikia mtengenezaji asimamishe kazi na kumwuliza kama kianzio kinarudi, ingawa kwenye mkataba sijaona kifungu kinachosema hivyo. Toleo la iPhone bado naliona la lazima huko mbele.

Jumamosi nitakwenda kwa mama. Nitamweleza kuhusu programu, lakini zile milioni 2 nafikiri zisubiri mpaka nijue kama zinarudi.

Mama Mwenye Nyumba

Zieleze Jumamosi hiyohiyo, mwanangu, tena kabla ya chakula. Zikirudi atafurahi, zisiporudi atakuwa amesikia kwako, si kwa fundi wa kuezeka aliyekosa malipo.

Mpekuzi

Mleta uzi, neno langu kuhusu wewe kuwa mtengenezaji nimeliondoa. Huo mkataba mpelekee mwanasheria ausome kabla hujamwandikia mtengenezaji chochote.

Duka la Spea Gerezani

Kijana, ukitoka Morogoro njoo dukani asubuhi, kabla ya saa tatu, maana baada ya hapo hatutaweza kuzungumza. Njoo na namba za chesesi za mabasi yote ya hiyo shule, zikiwa zimeandikwa kutoka kwenye gari lenyewe, usizitoe kwenye maelezo ya dereva. Tutaanza na filta na breki pedi, kwa sababu huisha mara kwa mara na ukiwa na namba hazikosewi. Bei nitakupa ileile ninayompa fundi, na cha kuongeza juu yake mtakubaliana wewe na shule, kikiwa kimeandikwa.