Niuze gitaa langu la zamani la ES-175 nichukue ES-335, au nibaki nalo?

Mpiga_Solo: Wakuu habari zenu. Nina Gibson ES-175 ya zamani, naipenda ila toni yake imenichosha, nikipiga solo noti inakufa haraka, na bendi ikipandisha sauti gitaa linaanza kupiga mluzi. Kuna mtu anaitaka na anasubiri jibu wiki hii. Nafikiria ES-335, mwingine kanishauri Gibson L-7, ile ya uso wa kuchonga. Msaada jamani.

NyuziBapa: Ya zamani ya mwaka gani mkuu? Zimeanza kutoka 1949, hambaka (pikapu, yaani vinasa sauti, za koili mbili) zikaingia 1957, na bei inategemea sana hapo. Nyuzi umefunga zipi? Unapiga muziki gani? Hapo bado hujatuambia kitu.

Mpiga_Solo: Ya 1955, pikapu moja ya P-90 (ya koili moja), haijaguswa. Nyuzi bapa, zile laini zenye waya wa nje bapa, ya kwanza inchi 0.012. Jazi, siku hizi na bluzi.

FundiMbao: Hiyo ndo tabia ya tumbo tupu, uso unatikisika unakula nguvu ya uzi. 335 ya tangu 1958 ina gogo katikati ya tumbo, ndo maana noti inavuta na mluzi unapungua. L-7 uso wake ni mbao ya sprusi ya kuchonga, unatikisika kuliko 175 ambayo ni mbao za kubandika, sasa kwa bluzi ya sauti kubwa si ndo utazidisha tatizo?

MzeeWaF: Mbao za kubandika haziwezi kuimba kama sprusi, hilo halina mjadala. Mpiga gitaa Freddie Green kwenye bendi ya jazi ya Count Basie alipiga bila umeme na bado alisikika katikati ya tarumbeta.

FundiMbao: Mzee, Freddie Green alikuwa anapiga kodi (noti kadhaa kwa pamoja) za kusindikiza, huyu anataka solo. Na mpiga jazi Joe Pass je? 175 hiyohiyo ya kubandika.

MzeeWaF: Na Wes Montgomery wa jazi je? Yeye L-5, ya kuchonga!

DadaBesi: Kaka kabla hujauza nisikilize. Mimi niliacha akitopu yangu (gitaa la uso uliobinuka kama hilo lako) dukani kwa komisheni, jina la duka silitaji, ikakaa miezi haiuziki, kila nikipiga simu naambiwa wateja wapo wapo tu, nikaenda kuichukua nikaiwasha nyumbani sauti siyo ile, nyembamba, nikafungua skrubu za pikapu nikakuta risasi ya kulehemu inang'aa, mpya kabisa, wakati waya zenyewe zina vumbi la miaka. Wamebadilisha pikapu. Walikana mpaka leo na sikuwa na picha hata moja ya ndani. Piga picha kila kitu, potensiometa (vile vidhibiti vya sauti), waya, namba ya ndani ya tundu la f (tundu la usoni lenye umbo la f), kabla mtu hajaishika.

NyuziBapa: Pole sana dada, huo ni wizi kabisa. Mpiga_Solo, funga kwanza nyuzi za kawaida zenye nikeli. Bapa zinazima ukali wote, nusu ya unachotafuta iko hapo.

FundiMbao: Ukali atapata, mluzi utabaki. Azibe vile vitundu vya f kwa sponji.

MzeeWaF: Sponji kwenye gitaa la 1955?! Hapana jamani.

FundiMbao: Inatoka bila alama mzee, haigundishwi.

Mpiga_Solo: Nimemwambia mnunuzi asubiri kidogo. Nyuzi naagiza leo. Ila nimepiga hizo picha nikaona kikingio cha kucha (ile plastiki inayokinga uso wa gitaa) kinapasuka pembeni, na skrubu zilizo karibu zimeota kutu ya kijani, hii ni nini tena?

MzeeWaF: Seluloidi, plastiki ya zamani, inaoza hiyo, inatoa gesi inayokula metali. Kitoe leoleo, kiweke mbali na gitaa, na kesi iache wazi ipate hewa.

DadaBesi: Ila usikitupe, mnunuzi atakiulizia.