Daktari kasoma majibu ya damu ya paka kwa viwango vya binadamu, mnyama anaishia mikononi mwangu

Wakuu, uzi huu ni kwa wanaofuga paka. Wale wa "paka tu huyo, chukua mwingine mtaani" piteni kimya leo, sina hali nzuri.

Paka wangu Mchele ana miaka kumi na tatu. Alikuwa anakaribia kilo tano, sasa hivi ana tatu na nusu. Hajagoma kula, anakula kama kasaini mkataba. Dagaa zikiisha anapiga kelele usiku kucha, anadandia jiko, anakunywa mpaka maji ya ndoo ya kudekia. Ukimpapasa mgongoni unahesabu pingili. Mnyama mzee anakula hivyo na bado anakonda, hata mimi nisiyesomea naona kuna kitu.

Nikampeleka kliniki moja hapa Dar, siitaji jina. Daktari hakumpima uzito. Narudia: mnyama kaletwa kwa sababu ya uzito, mizani ipo pale chini ya meza, imepangiwa maboksi juu, hakuna aliyeigusa. Zile kilo nilizoandika nimepima mwenyewe nyumbani. Hakumfungua mdomo aone meno, hakumgusa shingo. "Minyoo hiyo, mama." Nikamwambia dawa ya minyoo kapewa juzi tu. "Basi ni uzee."

Akamchoma sindano mbili. Nauliza za nini, moja vitamini, nyingine "ya kumpa nguvu". Kichupa kilikuwa bado mezani nikakisoma: deksamethasoni. Steroidi hiyo! Kwa paka steroidi hupandisha sukari. Mnyama anakunywa maji hivyo na kukojoa hovyo, kisukari ni kati ya mambo ya kwanza kufikiriwa, unamchomaje steroidi kabla hujampima sukari? Na kama ni saratani ya utumbo, ile ya limfu, sindano hiyo inaituliza kwa muda, ukija kupima baadaye huioni vizuri. Huko ni kufuta nyayo kabla polisi hawajafika.

Nikakaza damu ipimwe. Ikapelekwa maabara ya watu, kwa sababu mashine yao mbovu. Sina ugomvi na hilo, mazingira yetu tunayajua. Majibu yakaja, na hapo ndipo nilipowaka. T4, yaani homoni ya tezi ya shingoni, imesoma 96. Pembeni karatasi imechapa kiwango cha 60 hadi 150, na safu ya mwisho imeandikwa "kawaida". Dokta akashusha kidole kwenye safu ile ya mwisho, hata namba hakuitazama. "Tezi iko sawa, mama. Figo nazo sawa. Mnunulie chakula kizuri."

Iko sawa kwa nani? Ile karatasi ni ya binadamu! Homoni ni ileile kwa mtu na kwa paka, ila kiwango cha paka kiko chini sana. Maabara nyingi za wanyama ukomo wao ni kwenye 50 au 60 nanomoli kwa lita. 96 kwa paka mzee anayekula sana na kukonda maana yake tezi inafanya kazi kupita kiasi. Na huu si ugonjwa wa jana, umeandikwa kwa paka tangu 1979. Paka wazee ndio hasa wanaoupata. Mtu ana cheti ukutani na hajui kwamba paka ana viwango vyake?

Nilirusha picha ya majibu kwa daktari mwingine yuko Morogoro. Swali lake la kwanza: "Shingoni umempapasa, pembeni ya koromeo, kuna kivimbe?" Kipo. Kidogo kama punje ya maharage, kinateleza chini ya kidole. Kilikuwa hapo siku zote.

Akaniambia pia nisishangilie figo. Tezi ikikimbia, damu inasukumwa kwa wingi kwenye figo, halafu mnyama aliyepoteza misuli kreatinini yake (taka ya misuli inayopimwa kwenye damu kuangalia figo) inashuka, basi karatasi inaonyesha figo nzima kumbe zinaweza kuwa zimechoka. Ukishatuliza tezi ndipo ukweli unatoka. Kwa hiyo dawa, methimazoli au kabimazoli, inaanza kidogo, halafu baada ya wiki mbili tatu anapimwa tena T4 pamoja na figo, mkojo na presha. Sukari nayo ilisoma juu, lakini kwa hiyo steroidi, na kwa jinsi alivyokandamizwa wakati wa kutolewa damu (paka akiogopa sukari hupanda), hakuna anayeweza kusema ni kisukari au la. Tunasubiri sindano iishe nguvu ndipo tupime upya. Gharama ya kupima upya juu ya nani? Juu yangu.

Najua kuna atakayesema kabimazoli ipo famasi za watu, nunua umpe. Ipo, ndiyo. Lakini kuna paka wanatapika, wengine wanajikuna uso mpaka unachubuka, wengine chembe za damu zinashuka. Msinitumie dozi inbox.

Nimerudi kliniki kuomba maandishi ya dawa alizochomwa na kiasi, ili daktari mpya ajue anaanzia wapi. Jibu: "Hatuna utaratibu huo." Risiti yao imeandikwa neno moja tu, "matibabu".

Sasa naomba msaada wa kweli. Nani hapa Dar anapima T4 ya paka na kuisoma kwa kiwango cha paka? Na presha ya paka inapimwa wapi, maana kliniki mbili nimepiga simu wamecheka. Mwenye paka aliyewahi kutibiwa tezi hii aseme alipelekwa kwa nani na dawa aliipata wapi. Na aliyewahi kuidai kliniki maandishi ya matibabu akayapata, aniambie alianzia ofisi gani, kwa sababu hili mimi siliachi.